Dawa Niliyosema Imo Kwenye Waya

Nkololo, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kabula,

Usianze kucheka mwandiko. Vidole vyangu vimejaa vanishi, na kalamu hii ni ya mama yako ya kuandikia nyimbo za kwaya, inatoa wino inapotaka yenyewe. Unajua vizuri kwamba barua ndefu kuliko zote nilizowahi kupeleka kwa mtu ni ile ya kuomba kijiji kiniruhusu kusimamisha mnara, na ile uliiandika wewe. Hii ni yangu. Makosa yote humu ni mali yangu, hata yale ya herufi.

Kesho alfajiri unapanda basi Bariadi kwenda chuo, Arusha. Sitakuambia ule vizuri, uvae sweta, usiache simu ovyo. Hayo mama yako amekuambia tangu Jumatano, na leo kabla hamjaondoka kwenda Nyalikungu kumuaga shangazi yako nimemsikia ameanza tena kutoka mwanzo kama kaseti. Mimi nina neno moja tu, na nimelizunguka tangu juzi kama ng'ombe anayeogopa josho.

Neno lenyewe unalijua, maana ulinipa wewe. Juzi, mlangoni mwa karakana, umeshika ndoo, wala hukupaza sauti: "Baba, kama hujamwambia Mayu Holo ukweli mbele za watu, usinisindikize stendi. Nitakwenda na mama." Halafu ukaenda kuchota maji.

Hapo ndipo unaponiudhi. Ungepiga kelele ningejibu. Kwa kelele hanishindi mtu Nkololo hii, wala Bariadi nzima. Lakini wewe unasema jambo kwa sauti ya mtu anayesoma mita, halafu unaondoka zako. Umeitoa wapi tabia hiyo? Kwangu hapana. Mimi hata nikipiga chafya nataka jirani ajue.

Basi. Koili, ule waya wa shaba niliousuka, nimeiweka juani juu ya bati. Vanishi inataka kama saa mbili kukauka, na saa mbili hizo ndizo za barua hii. Ikikauka naibeba hadi kwenye mashine ya kusaga ya Mayu Holo. Leo ni siku ya gulio, watu watakuwepo. Mpaka hapo mnaporudi jioni, ama nitakuwa nimesema, ama hutaikuta barua hii, maana nitakuwa nimeichoma.

Ngoja nianzie pale ninapopapenda.

Nani alisimamisha mtambo wa upepo Nkololo? Sema. Jina lake nani? Mapanga matatu nimeyachonga kwa mkono, mnara nimeuchomelea mwenyewe kwa mabomba ya kisima kilichokufa, na siku ya kuunyanyua walikuja watu hamsini kuvuta kamba na watu mia mbili kuja kuona nikifa. Sikufa. Panga likazunguka. Mzee Masanja akasema, "Feni kubwa hivyo, itampuliza nani?" Tangu siku hiyo ni feni ya Fundi. Mvua zilipochelewa mwaka ule wakaja wazee watano kunieleza kwamba feni yangu inafukuza mawingu. Niliwajibu vizuri, nikawajibu vibaya, nikawachorea chini kwa kijiti, hawakunielewa. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha mpaka mpunga ukalala, sikuona hata mmoja aliyekuja kusema asante feni. Watu hawa!

Lakini mnara haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye kisanduku, na kisanduku nimekiunda mimi.

Unajua tayari, lakini nataka uone kwamba na mimi sasa najua. Umeme wa upepo hauji na mwendo mmoja. Upepo ukikaza unakuja kwa mbio, ukilegea unasinzia. Kwa hiyo unaugeuza kwanza uwe umeme wa namna ya betri, halafu inveta inaukatakata na kuurudisha uwe mawimbi, hamsini kwa sekunde, ulingane na ule wa jenereta ya kikundi, ndipo uingie kwenye laini ya kijiji. Inveta niliisuka mwenyewe. Niliangalia video, nikaangalia tena, nikasema hii nayo ni kazi? Siku tatu imekwisha. Ukaja wewe, kidato cha tatu, sketi ina vumbi la njiani, ukauliza, "Baba, chujio liko wapi?" Nikakujibu chujio ni la chai. Vijana wote waliokuwa karakana walicheka. Wewe hukucheka. Ningetazama hilo ningejua.

Maana inveta isiyo na chujio inatoa wimbi lenye ngazi na pembe. Mwaka mzima nilikataa kuelewa kwa nini pembe ni tatizo, mpaka uliponieleza kwa ngoma. Ulisema umeme ni ngoma moja kubwa, mapigo hamsini, na mota ni mchezaji anayefuata ngoma hiyo. Pembe zile ni wapiga ngoma ambao hawakualikwa. Mmoja anapiga mara tano ya mapigo yale, mwingine mara saba, wengine mbele huko. Wa saba anamsukuma mchezaji mbele. Wa tano, huyo ndiye mkorofi, anamvuta arudi nyuma. Mchezaji bado anazunguka, mtazamaji haoni kitu, lakini mwili unavutwa huku na huku, unachemka. Ndiyo hamoniki hizo, basi. Ungeniambia hivyo mwaka jana! Najua, ulijaribu. Nilikuwa naongea.

Na mota iliyokuwa mwisho wa laini ni ya Mayu Holo.

Alikuja hapa kwa mara ya kwanza msimu wa pamba, khanga kiunoni, unga mpaka kwenye kope. "Baba Kabula, mota yangu inachemka, ukiiwekea mkono unautoa." Nikaenda na klampu yangu, nikaibana kwenye waya, nikamwonyesha namba. "Unaona, mayu? Namba nzuri. Mota za siku hizi zina joto la asili." Joto la asili! Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Klampu ile ni ya bei rahisi, inaamini kila wimbi ni laini, haioni pembe, kwa hiyo inasoma pungufu. Ni mtu wa kukisia mzigo wa gunia kwa kulitazama tu, hajui ndani kuna mchele au mawe. Mkono wa Mayu Holo ulikuwa kipimo kizuri kuliko changu, nikamsahihisha.

Halafu nikafanya kosa la pili, na hili lisikilize vizuri kwa sababu wewe utakwenda kuunganisha mitambo mikubwa, yenye mapanga marefu kuliko kanisa letu, kwenye gridi ya taifa, na siku moja atatokea bosi mwenye tai atakayetaka ufanye hivi hivi. Nikaongeza kapasita. Nilijifunza kiwanda cha pamba, zamani: mota ikilemewa, weka kapasita, inapata nafuu. Kiwandani ilikuwa kweli, maana umeme wa pale ulikuwa msafi. Hapa kapasita zile na mashine ya jenereta na waya wa laini vikapata mwendo wao wa pamoja, na mwendo ule ukaangukia karibu kabisa na ule wa yule mkorofi wa tano. Umemwona bibi yako kule Ipililo akisuka maziwa, kibuyu kimening'inizwa? Akikipata kwa mwendo wake kinakwenda mbali kwa kidole kimoja. Ndivyo ilivyokuwa. Kidole changu kidogo, kibuyu kikapiga ukuta. Kapasita zikavimba kama chura, na mimi nikasema ni za bandia, nikaweka nyingine.

Usiku ule, kabla hata sijala, ukaniletea kile kioskopu ulichoazimwa na mwalimu wa fizikia, kile kidude cha ukubwa wa simu kinachochora wimbi. Ukaniwekea mchoro mbele ya sahani. "Baba, ona meno haya." Nikasema huo ni msumeno, mpelekee seremala. Ukakunja mkono, ukasubiri. Nikakuambia shule inakufundisha kuogopa vitu vinavyofanya kazi.

Hapa ndipo ninapopachukia. Nivute pumzi kwanza.

Ulikuwepo siku ya ngoma, lakini ulikuwa upande wa akina mama, hukusikia yote. Mavuno yameisha, vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana, viwanja viwili, kila upande na dawa zake za kuvuta watu, na ushindi ni kwa yule mwenye watu wengi. Mimi Mgalu tangu tumboni. Spika za pande zote mbili zinakula umeme wa feni yangu, na upepo siku hiyo ulikuwa unang'oa kofia. Kiwanja cha Bagika kilikuwa nyuma ya mashine ya Mayu Holo, karibu na kapasita zangu. Manju wao, mwimbishaji, akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, spika ikatoa mzinga wa nyuki. Kila akiimba, nyuki. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaanza kuhama, mmoja mmoja, halafu kundi, wanakuja kwetu kwenye wacheza na majembe. Manju akaacha uwanja, akanifuata jasho linamtoka.

"Fundi! Umeme wako unanguruma kwangu tu. Kwa nini?"

Watu wamenizunguka. Bagalu wananitazama. Ningeweza kusema, sijui, ngoja nikaangalie. Maneno matatu tu. Nikanyang'anya kipaza sauti cha upande wetu, nikapanda juu ya tela la trekta, nikasema: "Hiyo si hitilafu! Hiyo ni dawa ya Bagalu, imo kwenye waya!"

Kabula, nilishangiliwa. Sijawahi kushangiliwa vile, hata siku ya mnara. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akanimwagia maji kichwani kwa furaha. Manju wa Bagika akarudi, akafunga vyombo vyake. Jioni ile nilitembea kijiji kizima kama ng'ombe wa mnada.

Wiki mbili baadaye mota ya Mayu Holo ikaungua.

Niliisuka upya. Ikaungua tena. Mara ya pili hakuna aliyeniuliza kuhusu umeme. Walishapata jibu, na jibu niliwapa mimi kwa kipaza sauti: kuna dawa kwenye waya. Na marehemu mume wa Mayu Holo alikuwa Mgika, tena mcheza mkubwa. Basi ikawa wazi kwao: dawa imemtafuta mjane wa Mgika, imeingia mashineni, imo kwenye unga. Wakaacha kusaga kwake. Nilisuka mota mara ya tatu, ikawaka, na bado mama wa watu akakaa pale peke yake asubuhi hadi jioni, mashine imefunikwa gunia, wanawake wanampita na ndoo za mahindi kichwani kwenda kusaga kijiji cha pili.

Na mimi? Walikuwa wanakuja watu karakana, wanafunga mlango, "Fundi, nigawie kidogo, ya shambani tu." Nilicheka nao. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikuwa mtu mkubwa. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata padri: nilimwambia mama yako naye asage kijiji cha pili. Unajua kwa nini? Isije ikaonekana Fundi mwenyewe haiogopi dawa yake. Fikiria ujinga wa mtu huyo. Uongo wangu mwenyewe unanipangia ugali.

Ngoja nigeuze koili. Bado inanata.

Nimerudi. Nikueleze kuhusu babu yako, maana jambo hili halikuanza kwenye tela la trekta.

Aliuza ndama wake nisome Nyalikungu, nikiwa nakaa kwa ndugu. Kidato cha pili nikaacha. Si kwamba nilifukuzwa, nataka hilo lijulikane. Niliona wanafunzi wa mbele yangu wanakariri, na mimi tayari nafungua injini kiwanda cha pamba kwa jicho moja. Nikajiambia nimemaliza. Lakini muhula mzima kila nikirudi Ipililo navaa sare, nabeba madaftari, namsimulia mzee habari za walimu ambao sijawaona tangu Pasaka. Nilikuwa nazitunga vizuri! Mzee alicheka mpaka akafuta machozi.

Siku moja niko chini ya injini, naona miguu miwili na tairi la baiskeli. Nikatoka kinyumenyume, nimejaa grisi mpaka masikioni, shati la shule nimelifunga kiunoni. Alikuja bila kuniambia, kuniletea karanga. Nikasubiri kofi. Akaniwekea karanga juu ya boneti, akasema, "Ungeniambia, ningekuletea ovaroli."

Akapanda baiskeli, akaondoka. Hakuwahi kulitaja tena mpaka anakufa.  Na juzi ulipoondoka na ndoo yako nilimwona yeye kabisa, mgongo ule ule. Ndiyo maana nilitupa spana. Haikuwa kwa ajili yako.

Haya, chujio. Hapa lazima nikubali, na ninakubali kwa hasira. Ulipiga hesabu kurasa nne. Koili kati ya inveta na laini, ili wale wakorofi wakwame. Kapasita zile zile, lakini sasa kila moja na koili yake mbele, isipate tena mwendo wa kibuyu. Na ukinzani mdogo pembeni, ambao mimi niliuona wa bure kabisa, unakula umeme na kutoa joto tu. "Huo ni wa kulituliza chujio lenyewe, Baba. Bila huo litaanza kuimba nalo." Nikasema chujio linalohitaji kutulizwa ni chujio gani. Ukaendelea kuandika.

Nikasuka koili. Mikono hii, hilo huwezi kuninyima: hakuna mashine ya Arusha wala ya wapi itakayosuka nyaya zikalala vile. Nikaijaribu Jumatatu, haikufaa kitu, wimbi bado lina meno. Nikakutupia maneno, hesabu zako, shule zako. Ukaja ukatazama chuma cha katikati, ukauliza, "Uliacha nafasi?" Nafasi gani? Mimi nilikikaza chuma mpaka wembe haupiti, nikajisifu. Kumbe chuma kikibanwa hivyo kinashiba mapema, umeme ukiwa mwingi kinaacha kazi. Kinatakiwa kukatwa, kuachwa upenyo mwembamba, ukajazwa karatasi ngumu. Karatasi! Kazi yote ile ya chuma na shaba, na kinachoiokoa ni karatasi.

Nilitafuta karatasi ngumu jana nyumba nzima. Katika sanduku la bati la bibi yako nikapata daftari langu la hesabu la darasa la saba. Sikujua alilitunza. Nilikata jalada, nikalikunja mara nne, likaenea. Ukurasa wa kwanza mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Jibu ni sahihi. Njia iko wapi?" Ukurasa wa pili vile vile. Wa tatu, "Njia?" peke yake, na mstari umechimba karatasi. Alichoka, maskini. Nilikuwa naandika jibu tu, kila mara, kwa sababu kuonyesha njia niliona ni kazi ya watu wasiojiamini.

Vanishi imekauka. Nakwenda. Mkirudi mapema mama yako asiguse ile mikasi ya shaba.

*

Nimerudi. Jua bado liko juu ya mnara, ninyi bado.  

Nilifunga chujio mbele ya watu kama kumi waliokuwa wanatoka gulioni. Upepo ulikuwa mzuri, mkali. Nikawasha. Nikashika kioskopu chako. Kabula, meno yameisha. Limebaki wimbi moja limelala kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba. Lina vijinywele kidogo bado, usidhani sikuviona. Mota ikanguruma sauti moja, chini, bila ule mtetemo wa zamani. Nikaishika robo saa. Vuguvugu.

Nikapanda juu ya gogo la kupigia mahindi. Nikasema. Nilisema yote: hakuna dawa, haikuwahi kuwepo, spika zilinguruma kwa sababu ya kisanduku changu kibovu, mota ya Mayu Holo iliungua kwa sababu hiyo hiyo, binti yangu aliniambia mapema nikamcheka. Nikasubiri wanizomee. Nilishajiandaa kuzomewa.

Unajua walichofanya? Hawakuamini!

Mzee Masanja akachungulia kioskopu, akatingisha kichwa. "Naam. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Sasa imelala."

"Mzee, hakuna dawa! Ni koili, ni shaba!"

"Ndiyo, ndiyo. Umeifunga na shaba."

Manju wa Bagika naye alikuwepo, amebeba kuku. "Fundi, kesho binti yako anasafiri, unaogopa isimfuate njiani, ndiyo maana unaikana." Wengine wakaitikia. Nikawachorea wimbi chini kwa kijiti. Mwanamke mmoja akasogeza mtoto wake asikanyage mchoro. Nilitaka kulia, nakuambia kweli. Uongo wangu niliusema mara moja, maneno machache juu ya tela, wakaubeba miezi yote. Ukweli nimeusema mpaka koo limekauka, wananipa pole.

Ndipo Mayu Holo akainuka. Alikuwa amekaa mlangoni muda wote, mikono mapajani. Nikamsalimia Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akanipita. Akatwaa sado ya mahindi yake mwenyewe, akamwaga mashineni, akasaga. Akawasha moto pale pale kwenye mafiga, akasonga ugali, watu wote wanatazama. Akaniwekea sahani chini, bila mboga, bila hata chumvi.

"Kula."

Nikala tonge la kwanza. Watu wakasogea, kama siku ya mnara, kuja kuona nikifa.

"Unapita hapa kila siku," akasema, wala hakunitazama, alikuwa anakwangua mwiko. "Kila siku, 'mwangaluka, mayu.' Unaniona nimekaa peke yangu. Mimi nilidhani ni baba watoto amenikasirikia kaburini. Kila asubuhi namwagia maji, namuuliza nimekukosea nini. Mwanaume wa watu amelala kimya chini huko, mimi namsumbua na maswali. Kumbe jibu linapita barabarani limevaa kofia."

Nikasema, "Mayu, nisamehe."

"Sijakusamehe. Kula."

Nimekula ugali ule wote. Mkavu, unapanda na kushuka. Nilipomaliza sikufa, na hapo, siyo kabla, wanawake watatu wakatua ndoo zao. Watatu tu. Wengine wakaendelea na safari ya kijiji cha pili. Nitarudi kesho kutwa nile tena, na gulio lijalo, mpaka wachoke kusubiri nife.

Nikiwa nanawa mikono akaniletea mfuko. Unga, kilo tano hivi, umefungwa kwa uzi wa pamba. "Wa Kabula, wa safari."

Nikamwambia, mayu, asante, lakini mtoto atabeba vipi, na huko chakula kipo.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Fundi, wewe unadhani umekula unga wangu leo? Umeula miezi yote. Mtoto wako alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi, alfajiri, upepo haujaanza. Yeye ndiye aliyeniambia nisage saa hizo tu, mota haitachemka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, siku nikiweza nitakueleza. Hakutaja jina lako hata mara moja."

Nilibeba mfuko nikaondoka. 

Kwa hiyo hiyo ndiyo njia, mwanangu, yote, toka mwanzo hadi jibu. Sina la kukufundisha kuhusu kuunganisha mitambo, umeshanizidi, na sipendi. Ila huko uendako utakuta watu wengi wa aina yangu, wengine wana digrii. Watakuwa na mita nzuri kuliko yangu na midomo kama wangu. Wewe kaa na yule aliye mwisho wa waya. Muulize mota yake ina joto gani, uweke mkono.

Unga uko kwenye begi lako, chini ya sweta ambayo nilisema sitakukumbusha. Barua nitaikunja niiweke juu yake.

Kesho nitakuwepo stendi kabla ya basi. Siji kwa nguvu. Nitasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la matairi, nimevaa ovaroli, ile safi. Ukiona inafaa, niite. Usiponiita nitaelewa. Uongo, sitaelewa, nitalalamika mpaka Krismasi na mama yako atakupigia simu akilia umwokoe. Lakini nitabaki ng'ambo, mpaka basi lipite.

Naona vumbi la bodaboda yenu barabarani. Naacha.

Baba yako,
mwenye feni